Maumivu ya Ghafla ya Kifua na Mgongo kwa Mjamzito na Mzazi: Kuchanika kwa Aota na Wajibu Wetu Bunju

Mada kwa semina ya wakunga, matabibu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Bunju, Manispaa ya Kinondoni



Dharura za uzazi tunazozijua zimeshapata semina nyingi, na zinastahili. Kutokwa damu nyingi, kifafa cha mimba, maambukizi, uchungu pingamizi: haya yameandikwa kwenye mabango ya wodi zetu na kila mwanafunzi wa ukunga anayataja bila kusita. Leo naomba muda wenu kwa dharura ambayo haimo kwenye mabango hayo. Ni kuchanika kwa aota, mshipa mkuu wa damu, kwa mwanamke mwenye mimba au aliyejifungua karibuni.

Niseme hoja yangu mapema ili mnisikilize mkijua ninakokwenda. Hapa Bunju hatuwezi kutibu aota iliyochanika, na hakuna anayetudai hilo. Kazi yetu ni kuishuku. Daktari bingwa wa moyo aliyeko Upanga hamwoni mama huyu mpaka sisi tumshuku; tusipomshuku, ubingwa wote ulioko mjini haumfikii.

Kinachochanika

Aota hutoka moyoni, hupanda kidogo kuelekea shingoni, hupinda, kisha hushuka nyuma ya kifua sambamba na uti wa mgongo hadi tumboni. Njiani hutoa matawi ya kichwa, mikono, figo, utumbo na miguu. Damu yote inayoulisha mji wa mimba nayo imepita humo.

Ukuta wake una matabaka matatu. Tabaka la ndani likipata ufa, damu inayosukumwa kwa nguvu hupenya katikati na kuyabandua matabaka, kama bitana ya koti inavyoachana na kitambaa chake mshono ukifumuka. Tangu hapo damu ina njia mbili, ya kweli na ya uongo. Njia ya uongo ikijaa, hubana midomo ya matawi. Tawi la kichwa likibanwa, mgonjwa hupata kiharusi. La mguu likibanwa, mguu hupoa na kufa ganzi. Ya figo yakibanwa, mkojo hukatika. Mishipa inayolisha uti wa mgongo ikibanwa, miguu hupooza. Na ufa ukirudi nyuma kuelekea moyoni, damu inaweza kuvuja na kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, moyo ukakosa nafasi ya kupanuka, ukasimama.

Ndiyo maana ugonjwa mmoja una sura nyingi, na ndiyo maana unatupotosha. Mwanamke anayekuja na mguu uliokufa ganzi na yule anayekuja amezimia wanaweza kuwa na tatizo lilelile.

Madaktari hutumia mgawanyo wa Stanford, uliotolewa mwaka 1970. Aina A ni pale sehemu ya aota inayopanda inapohusika. Aina B ni pale sehemu inayoshuka tu inapohusika. Aina B mara nyingi hutibiwa kwa dawa za kushusha presha na mapigo, isipokuwa matawi yakibanwa au mshipa ukitishia kupasuka. Aina A inahitaji kisu, na haingoji. Kati ya wagonjwa mia wa aina A wasiotibiwa, mmoja hadi wawili hufa kila saa inayopita katika siku mbili za mwanzo. Wenzangu, hesabuni saa zinazopotea kati ya mama kulalamika na mama kufika hospitali ya rufaa, mtaona kwa nini nimeomba muda wenu.

Mimba inavyoutikisa mshipa

Mwili wa mjamzito huongeza damu. Kufikia wiki ya 32 hivi, kiasi cha damu mwilini kimepanda kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo unasukuma asilimia 30 hadi 50 zaidi ya kawaida kwa dakika. Wakati huohuo homoni za mimba hulainisha mwili, na ulaini huo hauishii kwenye nyonga. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliochunguza aota za wanawake waliofariki wakiwa wajawazito waliona nyuzi za ukuta zimekatikakatika na zimepoteza mpangilio wake. Kwa wengi hilo halina madhara. Kwa mwanamke ambaye ukuta wake ulikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, au ambaye presha yake haijatulia, ni mzigo mara mbili: damu nyingi zaidi juu ya ukuta hafifu zaidi.

Kisha unakuja uchungu wenyewe. Kila mji wa mimba unapokaza, damu kati ya mililita 300 na 500 hurudishwa kwenye mzunguko kwa mkupuo. Presha hupanda kwa maumivu, hupanda tena kwa kusukuma. Kondo likitoka na mji wa mimba ukanywea, damu nyingine hurudi kwa mara moja. Sisi hapo tunapumua, tunamkabidhi mama mtoto wake, tunaandika muda wa kuzaliwa. Kwa aota yake, kazi haijapungua.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini kuliko kwingine. Visa vingi vya kuchanika kwa aota kwa wanawake hawa hutokea miezi mitatu ya mwisho ya mimba na wiki 12 za mwanzo baada ya kujifungua. Wiki 12, siyo 6. Huduma yetu baada ya kujifungua hufungwa siku ya 42, kadi ikapigwa muhuri, mama akabaki na kliniki ya mtoto peke yake. Mama anayekuja wiki ya tisa akisema mgongo umempasuka katikati ya mabega, nani kati yetu anamuuliza alijifungua lini?

Ni wangapi?

Ni wachache, na sitawaficha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia kumbukumbu za hospitali za majimbo ya California, Florida na New York nchini Marekani, ulihusisha mimba karibu milioni tano. Katika kipindi cha kuanzia miezi sita kabla ya kujifungua hadi miezi mitatu baada yake, waliochanika au kupasuka aota walikuwa 5.5 kwa kila milioni. Wanawake haohao walipoangaliwa kwa kipindi kama hicho mwaka mmoja baadaye, idadi ilishuka hadi 1.4. Kwa lugha nyepesi, mimba na uzazi viliongeza hatari mara nne.

Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Tukiazima uwiano wa Marekani kama ulivyo, tunapata wanawake kumi na kitu kila mwaka nchi nzima. Lakini uwiano huo ni wa nchi ambako presha hupimwa na kutibiwa kuliko kwetu. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta takribani robo ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Presha ndiyo adui mkubwa wa aota. Sioni sababu ya kuamini kwamba sisi tuna visa vichache kuliko Wamarekani.

Tofauti ni kwamba vya kwetu havionekani. Ugonjwa huu hujulikana kwa picha ya CT scan, kwa eko ya moyo, au kwa kufungua maiti. Mfalme George II wa Uingereza alikufa ghafla tarehe 25 Oktoba 1760, na kwa kuwa daktari wake Frank Nicholls aliufungua mwili na kuandika alichokiona, leo tunajua kwamba damu ilijaa kuuzunguka moyo na aota ilikuwa na ufa. Kwetu mama aliyefia njiani kati ya Tegeta na Mwenge huzikwa kesho yake, pengine siku hiyohiyo, kwa heshima na kwa taratibu za dini yake, na uchunguzi wa maiti ni jambo ambalo familia nyingi hazilitaki. Siwalaumu. Ila matokeo yake ni kwamba kwenye fomu inaandikwa presha, kifafa cha mimba, au damu kuganda kwenye mapafu, na kikao cha mapitio ya vifo vya akina mama kinajadili ugonjwa ambao pengine haukuwapo.

Kuna atakayeuliza, na ana haki: je, tutumie mchana mzima kwa wanawake kumi na kitu wa nchi nzima? Nasema ndiyo, kwa sababu macho yanayomwona mwanamke huyu ndiyo yanayomwona na mwenzake mwenye donge la damu kwenye mapafu, mwenye moyo uliochoka baada ya uzazi, na mwenye presha iliyopanda siku ya nne akiwa nyumbani. Wote hao huja na lalamiko la kifua, mgongo au pumzi. Wote hurudishwa nyumbani na panadol. Uingereza, ambako vifo vya uzazi vimekuwa vikichunguzwa kimoja kimoja tangu 1952, magonjwa ya moyo yamekuwa yakiongoza miongoni mwa vyanzo vya vifo hivyo kwa miaka mingi, na ripoti zao hurudia onyo lilelile: maumivu ya kifua makali kiasi cha kuhitaji morfini ni maumivu yanayohitaji picha.

Nasi tunakokwenda ni huko. Utafiti wa hali ya afya nchini wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya akina mama 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 vilivyoripotiwa katika utafiti wa 2015/16. Wanaojifungulia vituoni ni asilimia 81. Hayo ni matunda ya jasho lenu. Kadiri damu na kifafa cha mimba vinavyodhibitiwa, magonjwa ya moyo na mishipa yatajitokeza mbele kama yalivyojitokeza kwa wengine.

Kichomi, chango, gesi

Mama wa Bunju hatasema "aota". Atasema kichomi. Atasema mgongo umeshika, au chango limempanda kifuani, au gesi imemjaa. Mama mkwe atasema ni baridi iliyomwingia kwa kuwa alitoka nje mapema. Na sisi, tuliochoka tangu asubuhi, tutaandika vidonda vya tumbo, misuli, au nimonia. Kila jina kati ya hayo ni la ugonjwa wa kweli, na mara nyingi ndio wenyewe. Kinachotofautisha ni namna maumivu yalivyoanza.

Kichomi cha nimonia huja na kikohozi na homa, huongezeka siku kwa siku. Vidonda vya tumbo mama anavijua, vina historia. Misuli huuma anapogeuka. Maumivu ya aota huja kwa kishindo, na ndani ya sekunde yako kileleni. Mgonjwa anajua alikuwa anafanya nini: alikuwa anainua ndoo, ananyonyesha, anatoka chooni. Huyasikia kifuani, au kati ya mabega, au yakianza kifuani kisha yakahamia mgongoni na kiunoni kadiri ufa unavyoshuka. Wengi husema hawajawahi kuumwa hivyo, na mwanamke aliyetoka kuzaa akisema hajawahi kuumwa hivyo, neno lake lina uzito, maana anajua anayalinganisha na nini. Yanaweza pia kupungua kabisa baada ya muda, akaonekana amepona. Msidanganyike na utulivu huo.

Kwa hiyo naomba tujizoeze maswali matatu. Yalianza ghafla? Ni makali kuliko yote uliyowahi kupata? Yamehama? Akijibu ndiyo kwa lolote, tunaendelea kumchunguza. Kuzimia, kupooza, kuishiwa pumzi au mguu kupoa vikiambatana na maumivu hayo, hatuhitaji hata maswali zaidi.

Kukosea kunatokea popote. Jonathan Larson, mtunzi wa tamthilia ya muziki iitwayo Rent, alifika katika hospitali mbili za New York ndani ya siku chache Januari 1996 akilalamika kifua. Aliambiwa ni chakula kilichomdhuru, kisha akaambiwa ni virusi. Akafa nyumbani kwake tarehe 25, akiwa na miaka 35, aota imechanika. Huo ni mji wenye mashine kila kona. Kilichokosekana ni mtu wa kushuku. Tafiti za nchi zenye vifaa zimeonyesha kwamba takribani theluthi ya wagonjwa hawa hupewa jina lingine la ugonjwa kwanza.

Mikono miwili

Kipimo cha kwanza tunacho. Ni mashine ya presha, ile ile. Tatizo ni kwamba tunapima mkono mmoja, mara nyingi ule ulio karibu na meza. Mama mwenye maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo apimwe mikono yote miwili. Presha ya juu ikitofautiana kwa zaidi ya 20 kati ya mkono na mkono, tushtuke. Tushike mapigo ya mikono yote, kisha ya mapaja, tulinganishe. Tusikilize moyo, kwa anayeweza kusikiliza: sauti mpya ya damu kurudi nyuma kupitia valvu ya aota ni ushahidi mzito.

Lakini nawasihi msiifanye dalili hii kuwa mlango wa kumfungia mgonjwa nje. Katika daftari la kimataifa la wagonjwa wa aota lililoanzishwa mwaka 1996, waliokutwa na mapigo yaliyopungua upande mmoja walikuwa wachache, kama 15 kati ya 100. Mikono ikilingana na maumivu yalikuwa ya kishindo, mama bado anakwenda. Vivyo hivyo picha ya kawaida ya kifua: inaweza kuonyesha aota iliyotanuka, na inaweza isionyeshe chochote.

Presha nayo inadanganya pande zote mbili. Ikiwa juu sana tunasema ni kifafa cha mimba, tunampa magneziamu salfeti, tunaridhika. Ikiwa chini tunasema ametokwa damu, tunamimina maji. Mama mwenye presha ya chini, maumivu ya kifua, na damu isiyoonekana popote anaweza kuwa anavujia ndani.

Kuhusu dawa nitasema machache, kwa sababu maamuzi ni ya daktari wa zamu na miongozo ya kituo. Maumivu yatulizwe kwa morfini pale ilipo. Kumtuliza mama ni sehemu ya kushusha presha. Lengo hospitalini ni kuleta presha ya juu kati ya 100 na 120 na mapigo chini ya 60 kwa dakika, na dawa inayofaa kuanza nayo ni ya jamii ya labetaloli, inayopunguza nguvu ya pigo lenyewe. Haidralazini tuliyoizoea, ikitolewa peke yake, hushusha presha lakini huharakisha moyo, na kila pigo la haraka huusukuma ufa mbele. Egometrini ikae mbali na mama huyu kwa kuwa hupandisha presha. Na kubwa kuliko yote, tusimpe aspirini, heparini wala dawa ya kuyeyusha damu kwa kudhani ni moyo au mapafu kabla ya picha, pale ambapo maumivu yalianza kama nilivyoeleza.

Wapo wanaoogopa kumpeleka mjamzito kwenye CT scan kwa ajili ya mionzi. Mionzi inayomfikia mtoto kutokana na picha ya kifua cha mama ni kidogo sana. Mtoto huyo hatari yake kubwa ni kifo cha mama.

Kutoka Bunju hadi Upanga

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama peke yake, hapo hapo Upanga. Kabla ya hapo, maneno "upasuaji wa moyo" kwa familia nyingi yalimaanisha pasi ya kusafiria na tiketi ya India. Leo yanamaanisha barabara ya Bagamoyo. Ni neema kubwa, na ni kilometa 30 hivi.

Kila mmoja hapa anaijua barabara hiyo. Boko, Tegeta, Mbezi Beach, Mwenge, Morocco. Usiku wa manane ni safari ya muda mfupi. Jioni ya mvua, foleni inapoanzia Tegeta, ni hesabu nyingine. Juu ya foleni kuna ngazi zetu za rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya Mabwepande, Mwananyamala, ndipo Muhimbili. Kwa magonjwa mengi ngazi hizi zina maana. Kwa mama huyu kila ngazi ni mapokezi mapya, faili jipya, maswali yaleyale, na asilimia nyingine moja au mbili kwa saa.

Ushauri wangu ni simu. Namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, hupigwa bila malipo na huratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Anayepiga aseme dharura ni ya moyo na mshipa mkuu, ili aliye upande wa pili amuelekeze mama anapoweza kupigwa picha, badala ya kituo kinachofuata tu kwenye orodha. Taarifa iwe fupi na yenye namba. Nitoe mfano: "Mama wa miaka 34, amejifungua wiki tatu zilizopita, maumivu ya ghafla kati ya mabega tangu saa kumi alfajiri, presha mkono wa kulia 178 kwa 100, wa kushoto 136 kwa 84, mapigo 110, nashuku aota." Daktari anayepokea maneno hayo anaandaa chumba. Anayepokea "mama mzazi mwenye presha" anaandaa kitanda.

Gari likichelewa, mama alale, asitembezwe, asipandishwe bodaboda. Mishipa iwekwe sindano mbili, presha ipimwe kila baada ya dakika chache na kuandikwa, na aende na muuguzi.

Huko anakokwenda, kama ni aina A na mimba ni changa, chini ya wiki 28, upasuaji kwa kawaida hufanywa mtoto akiwa tumboni, na kwa mtoto hatari ni kubwa. Mimba ikiwa imekomaa, hutangulizwa upasuaji wa kumtoa mtoto, kisha aota. Familia ielezwe hili mapema na kwa ukweli, kabla gari halijaondoka, na mume au ndugu mwenye kauli awe ndani ya gari au simu yake iwe wazi. Kibali kinachotafutwa saa tatu ni saa tatu za ufa kusonga.

Siku arobaini

Mila yetu ya Pwani ya kumweka mzazi ndani siku arobaini ina hekima. Mama anapumzika, anapikiwa uji na supu, anakandwa, hafui, habebi. Kwa presha yake hayo ni mema. Sitaki wahudumu wa afya waende kwenye nyumba za watu wakiipiga vita mila hii. Ninachoomba ni iwe na macho. Maji ya moto hayachani aota; hatari ni pale maumivu ya kishindo yanapojibiwa kwa kukandwa tena, kisha tena, hadi jua linazama.

Presha ya mwanamke aliyejifungua mara nyingi hufika juu kabisa kati ya siku ya tatu na ya sita. Sisi huwaruhusu wengi baada ya saa 24. Yaani kilele cha presha humkuta mama yuko Bunju B au Mabwepande, chini ya uangalizi wa mama yake, bila mashine. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha ni asilimia 34 tu ya waliojifungua waliopimwa na mhudumu ndani ya siku mbili. Hali imepanda tangu hapo, lakini bado haitoshi. Wahudumu wa ngazi ya jamii, hapa mzigo ni wenu. Mkienda kumwangalia mtoto kitovu, mpimeni na mama presha. Mwambieni yeye, na muhimu zaidi mwambieni bibi anayemlea, kwamba maumivu ya ghafla ya kifua au mgongo ni ya kwenda kituoni saa ileile. Bibi ndiye mwenye ruhusa ya mlango katika siku hizo. Akielewa bibi, mama atatoka.

Mshipa wa ukoo

Sehemu kubwa ya wanawake wanaochanika aota wakiwa na umri mdogo wana udhaifu wa kurithi, na wengi hawakuujua hadi siku hiyo. Unaofahamika zaidi ni ugonjwa wa Marfan, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeuelezea mwaka 1896. Humpata takribani mtu mmoja kati ya 5,000, wa kila rangi, na mzazi aliye nao humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Upo pia wa Turner, wa Loeys-Dietz, wa Ehlers-Danlos unaogusa mishipa, na kuna valvu ya aota yenye vipande viwili badala ya vitatu, iliyopo kwa mtu mmoja au wawili kati ya mia.

Flo Hyman alikuwa Mmarekani mweusi, mchezaji wa mpira wa wavu mwenye urefu wa sentimeta 196, aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, akiwa mchezoni katika mji wa Matsue nchini Japani, alitolewa kupumzika, akaketi kwenye benchi, akaanguka. Alikuwa na miaka 31. Mwanzoni ilidhaniwa ni mshtuko wa moyo. Familia iliomba mwili uchunguzwe, ikagundulika aota imechanika kwa sababu ya Marfan. Ndugu zake wakapimwa, na kaka yake akakutwa na aota iliyotanuka. Alifanyiwa upasuaji akaokoka. Uchunguzi wa maiti moja ulimwokoa aliye hai. Nauleta mfano huu kwa ajili ya familia zetu zinazouliza kufungua maiti kunasaidia nini.

Kadi yetu ya kliniki humtilia alama mama aliye chini ya sentimeta 150, kwa kuhofia nyonga. Hakuna panapouliza juu ya mrefu sana. Urefu peke yake si ugonjwa. Tuna Wamasai, Wairaqw na Wabarbaig warefu na wenye afya kamili. Tuangalie urefu unaoambatana na mengine: mikono ambayo ikinyooshwa inazidi kimo, vidole virefu vyembamba, kidole gumba kinachochomoza nje ya kiganja kilichofumbwa, kifua kilichobonyea au kuchomoza, uti uliopinda, macho yenye historia ya lenzi kuhama. Na tuulize swali moja linaloweza kuandikwa kwenye kadi hata kwa mkono: kuna mtu katika ukoo wenu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Anayejibu ndiyo aende kwenye eko ya moyo kabla mimba haijakua. Aota ikiwa imefika milimeta 45, madaktari wengi humshauri mwenye Marfan asibebe mimba mpaka itengenezwe. Ushauri huo hauna maana ukitolewa mama akiwa na miezi minane, hivyo kliniki ya uzazi wa mpango ndiyo mahali pake hasa.

Maombi

Naomba meza ya semina ipeleke mambo haya kwa waganga wafawidhi wa vituo vya Bunju, Mabwepande, Boko na Mbweni. Kupima presha mikono miwili kwa kila mjamzito na mzazi mwenye maumivu ya kifua au mgongo kuwe utaratibu, na namba zote mbili ziandikwe kwenye faili. Kila mwanamke anayekuja na lalamiko hilo aulizwe kama amejifungua ndani ya miezi mitatu iliyopita, hata kama mtoto hakuja naye, na hata kama mtoto hakuishi. Presha ya mzazi ipimwe kati ya siku ya tatu na ya sita, nyumbani ikibidi. Hakuna kati ya haya kinachohitaji bajeti mpya.

Na ninyi mlioko hapa, kabla zamu ya usiku haijaingia leo, bandikeni kwenye ukuta wa wodi ya wazazi namba 115 na namba ya simu ya chumba cha dharura cha hospitali mnayopeleka rufaa. Muuguzi aliye peke yake saa tisa usiku hana muda wa kuitafuta.